Mji wa Mbuzi, Bustani ya Mwalimu

Mbuzi wa Garissa hana mwenyewe mpaka agongwe na gari. Akiwa hai huzurura Soko Mugdi apendavyo, akatafuna maboksi, akalala katikati ya barabara, na ukiuliza ni wa nani kila mtu hutazama pembeni. Mguse na bampa uone. Wenyewe watatokea wanne, na kila mmoja ataapa kwamba marehemu alikuwa jike, tena na mimba ya mapacha.

Mume wangu, ambaye bulla nzima, yaani mtaa wetu, inamwita Mwalimu, alielezwa haya siku ile ile tuliyoshusha vyombo. Akacheka. Kesho yake akaenda kununua mbegu za sukuma wiki.

Sisi ni watu wa Kisauni, Mombasa. Tulihamia Garissa mwaka 2022, katikati ya ukame ule uliokula misimu mitano ya mvua mfululizo. Mboga zilikuwa zikiletwa kwa lori kutoka bara, na sukuma ilipofika sokoni ilikuwa imeshasinyaa huku bei yake imenawiri. Mwalimu anafundisha hesabu. Akachukua daftari, akapiga hesabu ya miche kwa majani, majani kwa mafungu, mafungu kwa shilingi, akanijia jikoni uso umemkunjuka. "Mama watoto, hii familia inanunua mboga kwa sababu gani?" Mavyaa wangu, aliyekuwa amekuja kutusaidia kupanga nyumba na mpaka leo anaipanga, akajibu kutoka mkekani: "Kwa sababu ya njaa, mwanangu."

Basi Mwalimu akajenga vitanda. Alikuwa ameviona kwenye video, vya mbao, vimeinuliwa hadi magotini, udongo mweusi umejaa ndani. Vilikuwa vizuri hasa, sina la kusema. Ayeyo, bibi wa nyumba ya pili, akaja kuvitazama. Ayeyo aliishi kambi ya wakimbizi ya Dadaab miaka mingi kabla ya kuhamia mjini, na kwa mambo ya kuotesha kitu pasipoota kitu hakuna mtaalamu kuliko yeye. Akazunguka kitanda kimoja, akakigonga kwa fimbo.

"Mwalimu, hii si Limuru."

"Ayeyo, mmea ni mmea."

"Sawa. Jua nalo ni jua."

Hakuongeza neno, akarudi kwake. Jambo lenyewe ni rahisi. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mvua ni nyingi, na kitanda huinuliwa ili maji yasituame. Garissa iko chini ya mita 200, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 400, na miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 36. Kitanda kilichoinuliwa hapa hukaushwa na upepo kutoka kila upande. Wajuzi wa nchi kame huzamisha kitanda: unachimba chini kiasi cha kiganja au zaidi, unaacha kingo zisimame, ukimwagia maji hayana pa kukimbilia ila mizizini. Tulikuja kuvizamisha vitanda vyetu baadaye sana, na mbao zile zikawa kabati la viatu.

Lakini vitanda vile vya kwanza havikuwahi kupata nafasi ya kukauka. Miche ilipofika majani manne, mbuzi walipita alfajiri wakati Mwalimu yuko msikitini. Walikula sukuma, wakala kamba iliyonyooshea mistari, wakala na ule ubao mdogo wa karatasi ngumu ulioandikwa tarehe ya kupanda. Mavyaa aliwaona kutoka dirishani. Tulipomuuliza kwa nini hakuwafukuza, alisema alidhani ni wageni wa Mwalimu.

Ua ndio bustani ya kwanza Garissa. Mbegu baadaye, mbolea baadaye. Wenye uwezo huweka mabati au wavu wa chuma, na sisi wengine tunatumia kile ambacho mji unacho tele, nacho ni mti wa mathenge. Matawi ya mathenge yaliyokauka, yakipangwa kwa kushikana, miiba nje, ni ua ambao hata mbuzi mwenye shahada haingii. Mwalimu alipanga ua huo Jumamosi nzima akatoka na mikono imechorwachorwa. Ubaya wake ni kwamba mwiba wa mathenge hauheshimu soli. Ulipenya ndala za mavyaa jioni ile ile, na kwa muda wa wiki moja jina la mti lilitajwa nyumbani pamoja na majina mengine ambayo sitayaandika hapa.

Ayeyo anauchukia mti huo kwa sababu zake, na ana haki. Uliletwa nchini kwa nia njema, kuzuia jangwa na kutoa kuni, kisha ukashika kingo za mito na malisho ya kaskazini mwote, ukawa hauondoki. Watu wa Baringo waliwahi kuishtaki serikali kwa ajili yake, na wakampeleka mahakamani mbuzi kibogoyo awe ushahidi, kwa kuwa maganda matamu ya mti huo huharibu meno ya mifugo. Ayeyo alipokuwa akiulaani, Mwalimu aliona awape watu darasa: akasoma kwenye simu kwamba mathenge ya mwanzo kuwekwa kwenye kumbukumbu Kenya yalipandwa mwaka 1973 kwenye machimbo ya Bamburi, Mombasa. Alinyamaza katikati ya sentensi. Ayeyo akamtazama. "Kwenu," akasema.

Sasa sikilizeni habari ya samadi.

Baada ya ua kusimama, Mwalimu aliona udongo wetu ni mchanga mtupu unahitaji nguvu. Akaagiza samadi ya mbuzi. Mahali pengine samadi hununuliwa kwa fedha nyingi. Garissa tatizo lako ni kumpata wa kukubebea tu. Mkokoteni wa punda ukaja umejaa kutoka zizini, samadi ya moto, ikitoa mvuke asubuhi. Mimi nilisema tuiache kwanza pembeni. Mavyaa alisema tuiache mbali, tena mbali sana. Mwalimu alisema nguvu ya mbolea iko katika ubichi wake, akaimwaga yote vitandani siku hiyo hiyo, akapandikiza miche mipya juu yake.

Miche iliungua. Kingo za majani ziligeuka kahawia, kisha shina likalala. Samadi mbichi ina chumvi nyingi na huchemka inapoanza kuoza, na mzizi mchanga hauwezi kustahimili. Mwalimu akasikitika, akamwagia maji zaidi ili kuipoza, na siku chache baadaye akaja mbio kuniita: kitanda kizima kimeota! Kweli kilikuwa kimeota. Vijichipukizi vya kijani, imara, vimesimama kwa mistari na nje ya mistari, havijali jua wala chumvi. Mwalimu aliamini ni sukuma iliyofufuka. Mavyaa alidhani ni ukwaju. Mwanangu mdogo akasema ni maharagwe. Wiki nzima Mwalimu alivinyweshea maji ya mtungi tuliyonunua kwa mwenye punda, akiwaonyesha majirani, mpaka Ayeyo akapita.

Aliinama, akang'oa kimoja, akakinusa, akampa Mwalimu.

"Mathenge," akasema. "Umeilea vizuri."

Mbuzi hula maganda ya mathenge, nyama ya ganda inabaki tumboni, mbegu inatoka nzima na tayari imelainishwa kwa kuota. Kwa hiyo samadi mbichi ya Garissa ni mfuko wa mbegu za mathenge. Anayetaka kuitumia aifanye rundo pamoja na majani makavu na majivu kidogo, ailoweshe, aifunike, aigeuze kila baada ya wiki moja au mbili. Rundo likishika moto ndani mpaka mkono haustahimili, mbegu nyingi hufia humo. Baada ya miezi miwili hadi mitatu samadi hubadilika, huwa nyeusi, harufu ya zizi hutoweka, na ukiifinya mkononi huvunjika. Hapo tena ni chakula. Na mathenge ikishaota, ing'oe na mzizi wake ikiwa ingali ndogo. Ukiikata juu ya ardhi umeipogoa tu, maana machipukizi yake yamejificha chini kidogo ya uso wa udongo. Ikishakomaa ni jembe kukata chini ya hapo, hakuna njia ya mkato. Sisi mpaka leo bado tunang'oa.

Ugomvi wa maji ndio uliokaribia kutuvunjia nyumba. Maji ya bomba ya Garissa hutoka mto Tana, na mto ukichafuka au pampu ikileta matata, bomba hukohoa tu. Kisima cha jirani kipo, lakini maji yake ni ya chumvi. Mwalimu akaamua bustani itakunywa ya kisima, sisi tunywe ya bomba. Hesabu nzuri. Baada ya mwezi udongo ukafanya ukoko mweupe juu, na majani yakaanza kukauka ncha. Mwalimu alidhani ni kiu, akawa ananyunyizia kidogo kidogo mara nyingi. Hilo ndilo linaloharibu zaidi, kwa sababu maji huruka na jua, chumvi hubaki. Kama huna budi kutumia maji ya chumvi, mwagia kwa wingi na kwa nafasi, ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, usiloweshe majani, na funika udongo kwa nyasi kavu. Na chagua mmea. Maharagwe hufa mapema, spinachi huvumilia, mtende huvumilia kuliko sote nyumbani.

Mavyaa ndiye aliyepata ufumbuzi, na hakutumia simu. Nyumba yetu ina watu wa kutosha na kila mtu anatawadha mara tano. Maji ya udhu hayana sabuni, hayana mafuta, na yalikuwa yakipotea kwenye mfereji wa nyuma. Akaamuru pachimbwe kijifereji kutoka mahali pa kutawadhia mpaka kwenye migomba miwili. Migomba ile sasa imepita ukuta. Mwalimu alitaka kuongeza na maji ya kufulia. Hayo tukamkatalia, kwa sababu poda ya kufulia inaleta chumvi ile ile tunayoikimbia, na ya jiki ndiyo usiseme.

Nyanya zilipoanza kuzaa, zikawa na baka jeusi chini, zimeoza kitako. Mwalimu alirudi kutoka dukani na chupa mbili za dawa ya ukungu. Haukuwa ukungu. Tatizo lilikuwa maji: kila mtu alidhani mwenzake amemwagia, kisha siku ya pili kila mtu akamwagia kwa hofu. Nyanya ikinyweshwa kwa kushtukiza hivyo hushindwa kupeleka kalsiamu kwenye tunda, na kitako huoza. Tukamteua binti yetu mkubwa kuwa waziri wa nyanya, alfajiri na jioni, na yeyote mwingine anayegusa mtungi alipe faini. Kuoza kukaisha. Chupa za dawa ziko juu ya kabati, hazijafunguliwa.

Halafu ikaja Ramadhani ya mwaka 2023, iliyoangukia Machi na Aprili, jua limesimama utosini. Joto kavu namna ile huleta utitiri mwekundu, wadudu wadogo hata huwaoni; unaona tu jani limetapakaa vidoa vya manjano na chini yake pana utando mwembamba. Inzi weupe nao walikuwepo. Garissa haina haja ya kununua sumu kwa hao, kwa sababu kila uwanja una mwarobaini. Unaokota kokwa, unazikausha kivulini, unaziponda, gramu 500 kwa lita 10 za maji, unaziacha zilale usiku kucha, unachuja kwa kitambaa, unatia kijiko cha sabuni ya maji ishike majani, unapuliza jioni, hasa upande wa chini wa jani. Jioni, kwa sababu jua huua nguvu ya dawa. Unarudia kila wiki.

Yote hayo Mwalimu aliyajua na aliyafanya barabara. Kosa lilikuwa moja: kinu kilikuwa kimeazimwa, kwa hiyo kokwa alizisaga kwenye blenda ya mama yake.

Aliiosha. Anaapa mpaka leo kwamba aliiosha mara mbili. Jioni ile tulikuwa na wageni wa kufuturu, walimu wenzake na wake zao, na Ayeyo alikuwa ameleta sambusa. Mavyaa alisaga mapapai ya mashamba ya mtoni, mekundu ndani, matamu kuliko ya kwetu Kisauni ingawa hatakubali. Adhana ikalia, watu wakala tende, wakainua gilasi. Pakawa kimya. Mwalimu mmoja alimeza kwa heshima, macho yakamtoka machozi. Mkewe aliirudisha gilasi mezani taratibu, akaisukuma kwa kidole mpaka mbele ya mumewe.

Mavyaa akaonja yake. Akamtazama mwanawe.

"Mwanangu, hii ni ya futari au ya homa?"

Ayeyo peke yake alimaliza. Alisema kwao watoto walinyweshwa mwarobaini kila mwaka wakatulia, na kama Mwalimu angelinyweshwa mapema bustani hii isingekuwepo. Siku ya pili Mwalimu alinunua blenda mpya. Ile ya zamani imeandikwa kwa rangi nyekundu SUMU, ingawa utitiri kweli uliisha.

Kuhusu kivuli na aina za mboga nitasema kwa ufupi, maana haya yaligharimu fedha tu, hayakuleta kisa. Dania ukiipanda wakati wa joto hutoa maua kabla hujaichuma. Nyanya huangusha maua usiku ukiwa wa moto, kwa hiyo zipangie zizae kati ya Juni na Agosti, miezi yenye ubaridi wa Garissa. Sukuma itavumilia chini ya neti ya kivuli au upande wa mashariki wa ukuta, ipate jua la asubuhi tu. Bamia, kunde za majani, mchicha, biringanya na pilipili hazihitaji kubembelezwa. Mwalimu alikuwa hapandi kunde kwa sababu hazikuwemo kwenye hesabu yake.

Novemba 2023 mji uliokuwa ukilia kiu ukalia maji. Mvua za El Niño zilishuka, Tana ikafura, barabara ya Nairobi ikakatika upande wa Madogo, watu wakawa wanavuka kwa mashua. Ikaja kutokea tena Aprili na Mei 2024, na safari hiyo mashua ilizama Kona Punda watu wakafa. Hilo halina mzaha. Malori ya mboga yalikwama ng'ambo. Vitanda vyetu vilivyozamishwa kwa ushauri wote ule vikawa vidimbwi, na vyura wakahamia. Mwalimu alisimama mlangoni akiviangalia bila kusema kitu, na nilimhurumia kweli.

Tulichokula wiki hizo za mafuriko kilitoka kwenye magunia ya Ayeyo. Bustani za magunia zimetumika kambini Dadaab kwa miaka mingi, na Ayeyo alikuwa amejaza yake kando ya ukuta wetu pasipo kutuomba ruhusa. Unachukua gunia, unatia mchanganyiko wa udongo na samadi iliyoiva. Katikati unasimamisha kopo kubwa lililotolewa kitako, unalijaza kokoto, unazungushia udongo, kisha unalivuta kopo juu na kuendelea hivyo mpaka gunia lijae. Unabaki na nguzo ya mawe kutoka juu hadi chini. Maji yanamwagwa kwenye mawe, yanafika mpaka miche ya chini. Ubavuni unatoboa matundu, kila tundu mche mmoja, na juu unapanda mingine. Maji machache yanatosha siku za ukame, na siku za mafuriko yanayozidi hujitokea yenyewe. Mbuzi hufikia ya chini tu. Ayeyo alituchumia mchicha na kunde kila jioni, akimpa binti yetu mkononi na salamu kwa Mwalimu: mmea ni mmea.

Leo bustani ipo. Ua wa mathenge umesimama, magunia yamepangwa upande wa mashariki, migomba inakunywa udhu, vitanda vimebaki viwili vya bamia. Mwalimu bado ana daftari lake, lakini safu ya mauzo haina kitu, kwa sababu kinachozidi kinakwenda kwa Ayeyo na kwa walimu waliokunywa ile juisi. Tumeacha kununua mboga za majani kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nyanya tunanunua kuanzia Januari mpaka Aprili, na hatuoni haya.

Kilichotushinda ni mchwa. Matandazo ya nyasi kavu, ambayo bila hayo udongo unaungua, ndiyo chakula chao; wanakula nyasi, wanapanda kwenye nguzo za neti, sasa wamefika kwenye kabati la viatu. Tumejaribu majivu, yanafaa mpaka mvua inyeshe. Tumechimbua kichuguu kimoja, kikahamia chini ya chumba cha mavyaa, na mavyaa anasema mwenye kuhama ni mchwa, si yeye. Msomaji wa Wajir, Mandera, Tana River au kokote penye udongo kama wetu, ukijua njia isiyotia sumu kwenye mboga, tafadhali mwambie mtu anayekuja Garissa atufikishie. Akiulizia nyumba ya Mwalimu mwenye ua wa mathenge, ataonyeshwa.